Pasipoti ya Majaribio

Haya yalimpata binamu yangu Elkanah, mtoto wa mjomba wangu, na sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu. Wakati huo nilikuwa dereva wa lori kwenye maghala ya Al-Sulay huku Riyadh, kwa hiyo mambo ya kompyuta nayaeleza kama alivyonieleza yeye, mara nyingi, hadi nikayaelewa bila kutaka.

Ilianza Jumapili ya kawaida, Julai 2016, Idi ikiwa imeshapita. Elkanah alifika ofisini kwao Riyadh saa mbili asubuhi, akanywa chai ya mnanaa, akawasha kompyuta. Kazi yake ilikuwa kupima programu. Kampuni yao ilikuwa imeutengenezea muungano mmoja wa mawakala wa ajira mfumo wa malalamiko. Mfanyakazi wa ndani akiteswa, anajaza fomu kwenye simu, fomu inamfikia ofisa, naye ofisa anaihifadhi vizuri isipotee. Fomu ilikuwa na visanduku thelathini na kimoja. Kimoja kilimtaka anayelalamika athibitishe kwamba mwajiri wake amearifiwa.

Mfumo ulikuwa unatumika tayari, na toleo jipya lilitakiwa kutoka Alhamisi. Elkanah hakuwa akijaza fomu moja moja kwa mkono kuona kama zinafika. Alikuwa ameandika majaribio yanayojiendesha. Anaandika amri moja kwenye dirisha jeusi, anabonyeza, kisha kompyuta yenyewe inajifanya yaya, inajaza fomu, inaituma na kuangalia kama imefika. Ikifika, mstari wa kijani. Isipofika, mwekundu. Majaribio mia mbili, dakika nne. Alipenda kuyaendesha saa sita mchana, adhana ya adhuhuri ikishatoka, wenzake wakienda msikitini na ofisi nzima ikibaki mikononi mwa Msabato mmoja kutoka Luanda, Vihiga, Kenya.

Sasa sikiliza kosa lake, maana ndilo lililozaa mengine yote.

Fomu ilikataa namba za pasipoti za kubuni. Elkanah akahitaji namba ya kweli. Kwenye barua pepe zake kulikuwa na nakala ya pasipoti ya Selipher, binti wa jirani yetu Mama Beldina, aliyemtumia miaka miwili nyuma akimwomba amtafutie kazi huku. Kazi hakumtafutia. Namba aliitumia. Yaya wa kompyuta akawa anatembea na pasipoti ya Selipher. Na ili takataka za majaribio zisiwasumbue maofisa, Elkanah akaweka sheria ndani ya mfumo: lalamiko lolote lenye namba hiyo lijibiwe "Yamepokelewa, kuwa na subira", kisha litupwe kwenye jalala.

"Mistari mitatu tu," aliniambia. Alirudia hivyo kila tulipozungumza. Mistari mitatu tu.

Hakuna aliyemwambia kwamba Selipher alishapata wakala, akaja Riyadh. Huo ulikuwa wakati ambao serikali yetu ilipiga marufuku mayaya kuja huku, na ndege zikija zimejaa.

Jumapili ile saa sita, jaribio moja likawa jekundu.

*Yaliyotarajiwa: lalamiko 1. Yaliyopatikana: 2.*

Haliwezekani hilo. Kabla ya kila jaribio, ghala la kumbukumbu linafutwa lote. Inaingia fomu moja, inatoka moja. Elkanah akadhani ni mabaki ya jana. Akafuta kwa mkono. Akaendesha jaribio lile peke yake. Matatu. Akabadilisha mpangilio, akaliweka la kwanza kabisa, kabla mengine hayajagusa kitu. Matatu.

Jumatatu alihamia kompyuta nyingine, akachomoa waya wa mtandao, akaendesha tena. Matano.

Alimwita Cliff, kijana wa Kakamega aliyekuwa akitunza mitambo yao.

"Cliff, wacha mchezo na mashine zangu."

"Mchezo gani? Mimi nikitaka kukuchezea nitakuficha chai, si kuandika programu."

"Basi angalia mwenyewe."

Cliff akainama. Elkanah akayafungua malalamiko yale moja moja. La kwanza lilikuwa lake, la kubuni, kwa Kiingereza. La pili lilikuwa Kiswahili. Fomu ile inapokea Kiarabu na Kiingereza tu, na lilikuwapo jaribio maalumu la kuhakikisha hivyo.

*Kiyoyozi kimezimika.*

La tatu: *Nimegonga mlango tangu asubuhi.*

Cliff akasimama polepole. "Waya umechomoa?"

"Huo hapo mezani."

"Basi mimi sijaona kitu," akanong'ona. "Hata ukiulizwa, sikuwa hapa."

Jumanne likaja jingine. *Maji yamebaki nusu chupa.*

Ndipo Elkanah alipofanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Aliacha mashine ya majaribio akaingia kwenye mfumo wenyewe, ule wa kweli unaotumiwa na watu, akafungua jalala. Mle ndani hakupaswa kuwamo mtu.

Yalikuwamo malalamiko kumi na moja. Jina Selipher. Jina la kafili, yule mwajiri aliyemdhamini. Nyumba ya Al-Malqa, mtaa na namba ya geti. La kwanza lilikuwa la Aprili: halipwi. La nne: anapigwa. Kila moja lilijibiwa kwa adabu kwamba awe na subira. La kumi na moja, kwa Kiingereza cha kuungaunga kama mengine, lilikuwa la wiki iliyopita, siku ya Alhamisi:

*Kesho wanasafiri Jeddah wote. Madam anasema atanifungia chumba cha juu ya paa mpaka warudi. Anataka simu. Tafadhali.*

Baada ya hapo, hakuna.

Kutoka ofisini kwao hadi Al-Malqa ni dakika ishirini kwa teksi. Elkanah alijua. Alishika simu kabisa. Lakini kulifufua lalamiko kutoka jalala kulihitaji fomu nyingine, na fomu hiyo ilikuwa na kisanduku cha sababu ya kuchelewa na kisanduku cha aliyesababisha. Na kwenye programu, pembeni ya ile mistari mitatu, lilikuwapo jina lake, tarehe na saa. Ikama yake, kibali cha kuishi huku, ilikuwa mikononi mwa kampuni. Alifikiri kidogo. Akafikiri tena. Bosi wake, Mjordani mchangamfu, akapitisha kichwa mlangoni.

"Yalla, Elkanah. Alhamisi kijani?"

"Kijani, bosi."

"Halas." Akaenda zake.

Alijiambia ataenda jioni. Jioni akajiambia kesho.

Jumatano, adhuhuri. Watu wakatoka. Mlango ukafungwa. Akaendesha.

*Yaliyotarajiwa: 1. Yaliyopatikana: 9.*

Hakutaka kusoma. Akasoma.

*Elkanah, ni wewe?*

Hakuwahi kuandika jina lake popote kwenye majaribio yale. Selipher hakujua anafanya kazi wapi. Aliangalia dirisha. Jua lilikuwa kali, magari yakipita, mchana mweupe kabisa.

Ziko njia mbili za kulitoa jaribio jekundu. Moja ni kutengeneza kilichoharibika. Ya pili ni kuongeza neno moja juu yake, *ruka*, na kompyuta italipita kama mtu anayempita ombaomba. Elkanah akaongeza neno. Akabonyeza.

Kijani. Kijani. Kijani. Yaliyopita mia moja tisini na tisa. Lililorukwa moja.

Kiyoyozi cha ofisi kikazimika.

Kimya. Akasikia kugonga. Si mlangoni. Juu, darini, taratibu, kama mtu aliyechoka. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la ghorofa saba. Akahesabu mapigo tisa. Halafu yakaacha, kiyoyozi kikawaka, na wenzake wakarudi kutoka kusali wakimuuliza mbona amelowa hivyo.

Alhamisi walikula keki.

Jumamosi ndipo alipokwenda Al-Malqa. Getini alimkuta dereva wa nyumba ile, Mkenya aitwaye Zablon, akiosha gari ambalo lilikuwa safi tayari.

"Habari yako, ndugu. Namuulizia Selipher."

Zablon hakuzima maji. Alisogea karibu na kusema chini ya sauti ya mpira wa maji.

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani wa nyumbani."

"Umechelewa, ndugu yangu. Tumerudi jana kutoka Jeddah. Tulikuwa huko wiki nzima. Mimi niliambiwa amerudishwa maktab, kwa wakala. Ningejua..." Akaangalia nyumba. "Umeme wa paa ulikatika. Unajua paa la Julai?"

"Alikuwa na simu?"

"Simu gani? Simu ilikuwa kwenye mkoba wa madam. Imezimwa tangu tuondoke. Niliiona kila siku."

"Alikufa lini?"

"Daktari ameandika Jumatano, adhuhuri. Ameandika moyo. Kifo cha kawaida." Zablon akarudi kwenye gari lake. "Nenda, kaka. Kuna kamera."

Mwili ulichukua miezi miwili kupata vibali. Faili la muungano wa mawakala lilikuwa na sahihi sita na muhuri wa kijani, na ndani yake sentensi moja iliyonyooka: marehemu hakuwahi kulalamika. Elkanah peke yake ndiye aliyeweza kuipinga. Hakuipinga. Aliiondoa ile mistari mitatu kimyakimya siku moja adhuhuri, akalifuta na lile jaribio, kisha akaomba kuhamishwa. Leo yuko Jeddah, Al-Mahjar, anafua mazulia kwenye karakana ya Myemeni mmoja. Kompyuta hagusi. Hapendi kukaa chumba ambacho juu yake kuna chumba. Aliniambia yote haya tumeketi kwenye ngazi za nje, karibu na barabara, kwa sauti ndogo, na alipomaliza aliniuliza kama naona angefika kwa wakati ile Jumanne. Nikasema sijui. Nilijua.

Desemba nilikwenda nyumbani likizo. Mama Beldina alinikaribisha uji, akaniuliza habari za huko, halafu akasema alitaka kumshukuru binamu yangu.

"Kumshukuru kwa nini, mama?"

"Wewe mpe tu salamu. Mwambie sikujua walikuwa pamoja, na nimefurahi. Mtoto hakuwa peke yake."

Akanipa simu yake, ile ndogo ya vitufe, akanionyesha ujumbe ambao hamruhusu mtu kuufuta. Ulikuwa wa Alhamisi, saa sita na dakika ishirini mchana. Siku moja baada ya tarehe ya daktari. Pale linapokaa jina au namba ya aliyetuma hapakuwa na kitu. Nilijaribu kubonyeza kujibu, simu ikakataa.

*Mama usilie. Elkanah yuko hapa. Anasoma kila ninachoandika.*

Nikamrudishia simu kwa mikono miwili. Nikamwambia salamu nitazifikisha. Huu ni mwaka wa tatu, sijazifikisha.