Chumba Ambacho Hakikupimwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Injinia alifagia ukumbi, akachemsha chai, kisha akapeleka kikombe chumba cha nyuma kwa Bibi. Hakuingia ndani. Alinyoosha mkono, akakiweka kwenye stuli iliyokuwa kati ya mlango na kitanda, akaondoka mbio, kwa sababu kila aliyeingia humo alitumwa. Bibi, mama wa mama yake, alikuwa amepooza miguu, na mdomo wake ndio uliofanya kazi ya miguu. Niokotee kisu. Nilowekee fito. Fungua dirisha. Lifunge. Mikono yake ilikuwa mizima, na kutwa nzima ilisuka vikapu vya fito za henzirani.

Injinia alikuwa na miaka kumi na miwili. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu aliwashinda wote katika hesabu, naye alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi.

Nyumba yao ilikuwa kwenye njia ya barabara mpya. Amri ilikuwa imetoka: Jumamosi, saa sita mchana, tingatinga lingeibomoa, na chochote kitakachobaki ndani au uani kingesagwa pamoja nayo. Baba na Mama walikuwa wametangulia kuanza kazi katika mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa gari. Aliyeachiwa nyumba ni Shangazi, dada yake Baba, mwanamke mchapakazi mwenye ulimi mkali.

Ofisi ya malori ilitaka kujua mizigo itachukua nafasi kiasi gani. Jumatano mchana Shangazi akampa Injinia utepe wa kupimia, akamwambia apime kila kitu, chumba kwa chumba. Injinia alianza kwa madaha. Alipima urefu, upana na kimo, akazidisha. Kabati la Shangazi peke yake lilikaribia mita moja na nusu za ujazo. Alipima meza, makochi, jokofu, magunia, hata maboksi ya vyombo.

Alipofika mlango wa chumba cha nyuma, wenzake walikuwa wanamwita barabarani waende kuruka kamba. Akasikia Bibi akikohoa ndani. Akijua kwamba akiingia hatatoka kabla ya jua kuzama, akauegemeza mgongo ukutani na kuandika: “Chumba cha Bibi: kitanda, godoro, sanduku. Mita moja.” Jumla ikawa mita kumi na moja.

Shangazi alimuuliza kama amepima vyote, hata vya nyuma.

“Vyote, Shangazi.”

Shangazi akapiga simu. Kulikuwa na lori la mita ishirini na lori la mita kumi na mbili. Akaagiza dogo.

Jumamosi wapakizi walifika mapema. Mkubwa wao alikuwa mzee mwembamba aliyeitwa Fundi Kamba, kwa sababu mzigo alioufunga yeye haukuwahi kulegea. Kufikia saa nne walikuwa wamebakiza chumba cha nyuma tu. Vijana wawili walimbeba Bibi kwenye kiti, wakamweka juani kando ya barabara. Mmoja akauliza kama huyu naye yumo kwenye orodha, wenzake wakacheka. Bibi alitazama mbele kama mtu asiyesikia.

Halafu wakaingia chumbani. Nyuma ya kitanda, kwenye pembe isiyoonekana kutoka mlangoni, kutoka sakafuni hadi darini, kulikuwa na vikapu vikubwa vya nguo, vipya, vyenye vifuniko. Ishirini na vitano. Hospitali ya mji waliokuwa wanahamia ilikuwa imeviagiza, na Bibi alivisuka kwa miezi mitatu bila kumlalamikia mtu; Mama ndiye aliyempangia kabla ya kuondoka.

Walipakia kitanda, godoro na sanduku. Nafasi iliyobaki ilimeza vikapu vinne, lori likajaa. Vilivyobaki vilirundikwa uani.

Shangazi aliwaka. Alimsimamia Bibi mbele ya majirani, akamwita mficha vitu, akasema amefanya makusudi ili aiaibishe familia ya mume wa binti yake.

“Vibaki,” alimaliza. “Mwenyewe hajui kama mwakani atakuwepo.”

Bibi aligeuza kichwa. Alimtazama Injinia. Injinia akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alijua neno lake moja lingemwondolea bibi yake fedheha ile. Akafunga kamba na kuifungua, akaifunga tena.

Tingatinga lilikuwa limeegeshwa ng'ambo. Dereva wake akawasha injini ipate moto. Moshi mweusi ukavuka barabara na kumfikia Bibi kwenye kiti chake, akaanza kukohoa. Hakukuwa na mtu aliyemsogeza.

Hapo ndipo Injinia aliponyanyuka. Alisema Bibi hakuficha kitu. Alisema yeye hakuingia chumba kile, na kwamba ile mita moja aliitunga akiwa mlangoni.

Shangazi akamgeukia Bibi. Hakuomba radhi. Alisema, “Basi usinitazame mimi. Ni damu yako hiyo.”

Injinia alimwendea Bibi, akaanza kusema samahani. Bibi alimzuia kwa kiganja.

“Miguu yangu siilaumu kwa kutoingia mahali,” alisema. “Imekufa. Ya kwako ina nini?”

Majirani wengine walicheka. Wenzake wa kuruka kamba walikuwa miongoni mwao.

Fundi Kamba ndiye aliyekatiza. Alimwambia Injinia kwamba ana saa moja na nusu, na kwamba machozi hayapunguzi ujazo wa kitu. Kama anajua hesabu kweli, amtafutie nafasi.

Injinia alichukua utepe. Safari hii alipima kikapu chenyewe: sentimita sitini kwa hamsini kwa themanini. Vikapu vinne vilikula karibu mita moja. Lakini vilikuwa vitupu ndani, wakati magunia ya nguo na maboksi ya vyombo yalikula mita tatu. Akaomba yashushwe. Nguo, mashuka na sufuria vikahamia vikapuni, vikapu kumi na viwili vikachukua mahali pa magunia na maboksi. Vikabaki tisa.

Akazunguka lori mara mbili. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya makochi yake amekunja mikono, na ilionekana wazi kwamba hayo hayagusiki. Injinia akasema vishuke kitanda chake mwenyewe, dawati lake na rafu ya vitabu vyake. Hakuna aliyemwambia aache. Vikaingia vikapu saba, na Fundi Kamba akakaza kamba zake.

Viwili havikuingia. Saa sita kamili tingatinga lilipanda uani. Dawati lilipasuka kwa mlio mkavu. Vikapu havikutoa mlio wowote; vililala chini tu kama nyasi.

Katika mji mpya, mtu wa hospitali alihesabu ishirini na vitatu. Alisema viwili visipofika ndani ya wiki mbili, kazi nyingine atampa msusi mwingine. Bibi hakubishana. Alimwita Injinia, akamwonyesha fito, akamwambia akae chini.

Injinia alisuka kila siku akitoka shule, vidole vikichanika, na usiku akilala mkekani. Kikapu cha kwanza kilipinda. Bibi alikigeuza, akakitazama, akakikatakata kwa kisu na kumwambia aanze upya. Mama, aliyekuwa mlangoni, alitaka kuingilia, kisha akaacha. Siku ya kumi na mbili vikapu viwili vilikuwa vimesimama wima sakafuni. Mtu wa hospitali alivichukua bila kuuliza nani alivisuka, akaacha agizo la vingine thelathini.

Alipoondoka, Injinia alikusanya masalia ya fito, akauliza kwa sauti ndogo kama sasa Bibi amemsamehe lile kosa la hesabu.

“Hesabu hukukosea,” Bibi alisema. “Kosa la hesabu hufutwa, likaandikwa sahihi, na hakuna anayeumia. Wewe uliandika usichokiona, ukaapa umekiona, halafu ukaacha nitukanwe kwa ajili yake. Sikusamehe kwa maneno. Mtu akikuuliza tena kama umefanya kazi, mjibu ulichofanya, hata kama ni nusu. Hapo nitajua.”

Kisha akamtuma amwokotee kisu.