Kilomita Kumi na Moja

Foleni ya kituo cha mafuta ilikuwa imefika barabarani asubuhi ile, na kila aliyekuwa ndani yake alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Katikati ya foleni kulikuwa na gari dogo jeupe la mizigo, limechorwa mkate ubavuni, linatetemeka kama mtu mwenye homa. Dereva wake alivaa aproni nyeupe na alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Mtaani walimwita Mwokaji, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake.

Magari mawili nyuma yake alikuwepo mwanamke mwenye ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi na kitambaa cha njano kichwani. Aliisikia injini ile inamisi, inakata moto na kurudi, kabla hajaliona gari lenyewe. Akashuka, akapita katikati ya honi, akagonga kioo.

"Kaka, habari za asubuhi. Zima injini."

"Nzuri, dada. Nikizima watanipita. Nina mikate ya wagonjwa huku nyuma."

"Taa ya injini imewaka, au inapepesa?"

Mwokaji aliitazama dashibodi kama anayeulizwa jina la jirani ambaye hajawahi kumsalimu. "Inapepesa. Jana ilikuwa imewaka tu, nikaona haina neno."

"Ikiwaka ikatulia, unaweza kwenda nayo taratibu mpaka kwa fundi. Ikipepesa, petroli inapita bila kuungua. Ukiendelea utaunguza vitu vya bei. Zima, tusukume."

"Tusukume nani na nani?"

"Mimi na wewe. Au mikate ishuke isaidie?"

Walisukuma mpaka pembeni, honi zikiwasindikiza. Mwanamke yule akatoa kwenye mkoba mashine ndogo yenye kioo, akachomeka waya wake chini ya usukani, akasoma namba ya hitilafu iliyotokea. Silinda ya tatu ilikuwa haichomi. Mwokaji akauliza basi ni kifaa gani kimekufa, ili akakinunue. Mwanamke akatikisa kichwa. Akamwambia kwamba namba ile haimtaji mwizi, inataja tu nyumba iliyoibiwa. Mwizi anaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme, waya au hata mafuta machafu. Akachomoa koili ya silinda ya tatu akaibadilisha na ya silinda ya pili, ili aone kama ugonjwa utahama pamoja nayo. Haukuhama, ulitoweka. Injini ilinguruma vizuri kana kwamba haijawahi kuugua.

"Basi imepona," alisema Mwokaji.

"Imejificha. Itarudi."

Mwanamke alimpa namba ya simu na kumwelekeza gereji ilipo, nyuma ya duka la vipuri la shangazi yake aliyemlea. Huko walimwita Fundi Taa, kwa sababu mafundi wengine waliletewa magari yaliyogongwa na yeye aliletewa magari yenye taa zisizoeleweka. Mwokaji alimwachia mkate wa moto uliofungwa kwenye karatasi. Fundi Taa aliula peke yake ndani ya gari mpaka ukaisha, na hakumsimulia shangazi.

Taa ilirudi baada ya siku nne. Fundi Taa akaifuta namba kwa mashine, taa ikazimika, ikarudi. Plagi zikabadilishwa, ikarudi. Miezi miwili gari lile lilikuwa mgeni wa kila wiki pale gereji, na mwenye gari akaanza kuja amenyoa, shati limepigwa pasi, harufu ya mkate ikiwa imefunikwa kidogo na marashi. Shangazi alimkaribisha kwa kumuuliza kama amekuja kutengeneza gari au kutengenezwa yeye.

Jioni walipigiana simu.

"Fundi wangu, taa imewaka."

"Imewaka au umeiwasha?"

"Nitaiwashaje mimi? Kwani naijua?"

"Watu wakipenda hujifunza upesi."

Mwokaji akasema kwa sauti ya chini kwamba kama ni hivyo, yeye ameshahitimu. Fundi Taa alicheka mpaka akaiangusha spana.

Lakini usiku, alipopiga magoti kusali, gari lile lilimjia moyoni kama deni. Hajawahi kushindwa na gari miezi miwili. Wapo wateja waliokuja kwake wakasomewa tatizo, wakamshukuru, halafu wakalipeleka gari kwa fundi mwanamume ili wahakikishe. Hao aliwazoea. Ambaye hakumzoea ni mmoja, aliyewahi kumchumbia. Mchana alimwita "fundi wa moyo wangu," na kumbe gari lake analitengenezea mtaa wa pili kwa siri. Siku alipojua, alimrudishia pete ndani ya boksi la plagi. Akamwomba Mungu asimpe tena mtu wa namna ile.

Alhamisi moja Mwokaji alikuja na maneno mawili. La kwanza, taa imewaka tena. La pili, Jumamosi ya wiki inayofuata angependa mjomba wake na wazee wawili waje kwa shangazi kuzungumza, kama yeye mwenyewe ameridhia. Fundi Taa alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akasema ameridhia.

Kisha akarudi kwenye kazi. "Safari hii sitaifuta hiyo namba. Tembea nayo mpaka Jumatatu, ijikusanyie ushahidi. Nitasoma kila mara ilipowaka, injini ilikuwa na joto gani, mwendo gani. Ila asiliguse mtu. Umenisikia, wangu?"

"Nimesikia. Hata inzi hatatua."

Jumatatu alikuja uso unang'aa. Alisema taa imezimika yenyewe, kwamba alikuwa ameiombea, na Mungu amejibu. Fundi Taa alitabasamu, akachomeka mashine. Tabasamu likaondoka taratibu. Hakukuwa na namba hata moja. Ushahidi wote wa siku nne ulikuwa umefagiliwa. Mashine ilionyesha kitu kimoja tu: tangu namba zifutwe, gari limetembea kilomita kumi na moja.

"Nani ameligusa gari hili?"

"Hakuna aliyeligusa."

"Nakuuliza tena, taratibu. Umelipeleka kwa fundi gani?"

"Sijalipeleka popote. Nimetoka nyumbani, nikapeleka mikate hospitali na madukani, nikaja kwako."

"Namba hizi hazifutiki kwa maombi. Zimefutwa kabla hujaanza kugawa mikate. Aliyefuta alikuwa na mashine kama hii." Sauti yake haikupanda. "Ungeniambia tu kwamba umechoka kungoja. Nimeshindwa miezi miwili, ni haki yako. Lakini umekuja kunichekea na kumsingizia Mungu."

Mwokaji aliitazama mashine ile. Hakuelewa anashtakiwa kwa lipi. Akasema mashine inaweza kukosea. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana ilisikika kama anasema mwenye mashine ndiye aliyekosea.

"Mwambie mjomba asisumbuke Jumamosi," alisema Fundi Taa, akamkabidhi funguo.

Siku ile Mwokaji alipiga simu mara saba, hazikupokelewa. Kesho yake mara nne. Jumatano hakupiga. Shangazi aliuliza mara moja, akajibiwa kwamba hakuna neno, akarudi kupanga vichujio vya mafuta akinung'unika kwamba hakuna neno gani hilo linalomnyima mtu kula.

Jumatano hiyo hiyo mchana aliingia muuguzi mmoja na gari lake dogo jekundu. Alilalamika kwamba taa ya breki ilikuwa imewaka wiki nzima, na leo aliyotaka kuja kuionyesha imetoweka. Fundi Taa alichomeka mashine bila hamu. Hakuna namba. Kilomita sita tangu zifutwe. Hasira ileile ikamrudia.

"Umetoka kwa fundi gani, dada?"

"Fundi? Sijatoka kwa fundi. Shemeji yako kanibadilishia betri asubuhi, ile ya zamani ilikuwa imekufa."

Fundi Taa alibaki ameinama, mkono juu ya usukani. Ukitoa betri, gari husahau. Kwenye magari mengi ya aina hii kumbukumbu hufutika, hesabu huanza sifuri. Ni somo la mwezi wa kwanza, na yeye mwenyewe amelifundisha wanafunzi wa chuo waliokuja kujifunza gerejini. Miaka yote amewaambia watu kwamba namba haimtaji mwizi. Ilipofika zamu ya moyo wake, aliisoma namba akakamata mtu palepale.

Alimaliza kazi ya muuguzi kwa uangalifu, kwa kuwa breki si kitu cha kufanyia haraka. Kisha akamwambia shangazi anatoka.

"Unakwenda wapi na ovaroli?"

"Kuomba radhi."

"Basi vua kitambaa hicho chenye grisi, mwanangu. Radhi nayo ina mavazi yake."

Tanuri la mkate lilikuwa uani kwa Mwokaji, chumba kirefu chenye meza za mbao na joto la kukausha machozi. Alimkuta anakanda unga peke yake, mikono mizito. Alipomwona aliacha kukanda, lakini hakusogea.

"Nina swali moja," alisema Fundi Taa mlangoni. "Ukinifukuza baada ya hapo ni haki yako. Jumapili uliitoa betri ya gari?"

"Niliitoa." Alijibu bila kusita. "Umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana. Mama pumu ilimbana, na mashine yake ya kupumulia inataka umeme. Inveta tunayo, lakini betri yake ilikuwa imeisha nguvu. Nikakimbilia gari, nikaichomoa, nikaifunga kwenye inveta. Kwa muda wa saa tatu nimekaa sakafuni nashika waya na kuomba. Umeme uliporudi nikairudisha."

"Na mimi nikakuuliza nani ameligusa."

"Ulisema asiliguse mtu. Nilidhani unasema watu wengine. Mimi ni mwenyewe." Alijitazama viganja vyenye unga. "Betri si injini. Sikujua kwamba ni kosa. Taa ilipozimika nilidhani Mungu kaamua kunipa vyote siku moja, mama na gari."

Fundi Taa alikaa juu ya gunia la unga. Moyo ulikuwa mwepesi ghafla. Kisha aibu ikafuata. Akamweleza habari ya yule wa kwanza na mtaa wa pili, na jinsi alivyomwona yeye kwa macho ya yule.

"Nimekuhukumu kabla ya kufungua boneti. Nisamehe."

"Nilikusamehe Jumatatu," alisema Mwokaji. "Ila nilikasirika Jumanne."

"Na leo?"

"Leo nilikuwa nimechoka na vyote viwili."

Kutoka chumba cha ndani sauti ya mama yake, yenye mluzi wa kifua, ikauliza ni nani huyo anayezungumza bila kuja kumsalimia. Fundi Taa aliingia, akamwamkia shikamoo, akashikwa mkono. Mama alimtazama ovaroli juu mpaka chini, akasema siku mbili hizi mikate imetoka imekaza kama matofali na wateja wamelalamika, kwa hiyo, tafadhali, wapatane au wafunge duka. Halafu akataka kujua kama gari limepona.

Halikuwa limepona. Asubuhi ile taa ilikuwa imewaka tena. Fundi Taa alikunja mikono ya ovaroli, akamwomba Mwokaji aitoe betri tena, vilevile alivyofanya Jumapili, ili aone. Akaitoa. Kwa haraka yake siku ile alikuwa amelisukuma kando fungu la waya linalopita chini ya sahani ya betri, mahali ambapo betri ikiwapo jicho halifiki. Sasa lilikuwa limegeuka upande wake wa chini ukawa juu. Fundi Taa aliinama akalimulika. Waya mmoja mwembamba, unaokwenda kwenye koili ya silinda ya tatu, ulikuwa umesagwa na ukingo wa chuma mpaka shaba ikaonekana, sehemu isiyozidi punje ya mchele. Gari likitikisika waya uligusa chuma, injini ikamisi. Likitulia, ukaachia.

"Njoo uone," alisema. "Njoo umwone mwizi wetu."

Walimwangalia pamoja, vichwa vimegusana chini ya boneti. Miezi miwili alikuwa amekaa pale. Kama Mwokaji asingeichomoa betri ile kwa pupa ya mtoto anayehofia uhai wa mama yake, huenda angekaa mwaka. Fundi Taa aliunga waya, akaufunika, akalifunga fungu lote mbali na chuma. Betri ikarudi. Injini ilipowaka ilisikika laini mpaka waliweza kusikia mama akikohoa ndani, kikohozi chepesi, cha mtu anayesikiliza yasiyomhusu.

Mwokaji alitoa simu na kumpigia mjomba wake. Akaiweka kwenye spika, kwa kuwa hakutaka tena kuwe na jambo ambalo mmoja analisikia na mwingine analikisia.

"Mjomba, shikamoo. Ile safari ya Jumamosi."

"Marahaba. Si ulisema imekufa? Nimeshawaambia wazee walale."

"Waamshe, mjomba."

Mjomba akasema kwamba alijua, ndiyo maana koti lake hakulirudisha kabatini, lakini sasa tatizo ni usafiri, maana gari alilolikodi ameshaliachia. Mwokaji akamtazama Fundi Taa. Fundi Taa akalitazama gari la mikate, milango yake ya nyuma na rafu zake za trei.

"Mwambie watakaa nyuma," alinong'ona. "Nitawatolea rafu mwenyewe. Sasa hivi naliamini hilo gari kuliko lolote."

Mwokaji aliufikisha ujumbe. Mjomba alicheka mpaka simu ikakwaruza, akauliza kama wazee nao wataandikwa bei ubavuni. Fundi Taa alikuwa ameegemea ubavu wa gari, amefumba macho, akimshukuru Mungu kimyakimya, na mkono wa Mwokaji wenye unga ulikuwa umeshika wake wenye grisi, bila mmoja kukumbuka kunawa.