Gunia Chini ya Kitanda cha Nyamvula

Gunia lilikuwa limesukumwa chini ya kitanda hadi ukutani, likafunikwa leso kuukuu. Konstebo Dishon na mwenzake walilivuta, wakapumzika, wakalivuta tena. Mnyapara Mwidani alisimama mlangoni, filimbi shingoni, akiwaelekeza kana kwamba chumba ni chake na polisi ni vibarua wake.

"Shikeni pembe ile ya kushoto," alisema. "Ndivyo linavyotoka."

Inspekta Jaffar alimtazama mtu huyo kwa kitambo. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, huko Chaani, mwaka wa arobaini na tatu, mwaka ambao watu walipanga foleni na kadi mkononi wapate kibaba cha mahindi. Aliyekamatwa na mahindi ya mgao hakuhurumiwa na hakimu yeyote. Mwenye chumba, Nyamvula wa Karisa, alikuwa amekaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani. Alikuwa mjane mwembamba, mmoja wa wanawake waliopeta mahindi chini ya Mwidani katika ghala moja kubwa la Changamwe. Hakulia wala hakujitetea.

"Ulijuaje kuwa liko chini ya kitanda?" Jaffar alimwuliza mnyapara.

"Mwizi huficha wapi tena, bwana mkubwa?"

"Wengine huficha darini. Gunia lenyewe ni la lini?"

"La jana. Limejazwa Alhamisi mchana, nami nimesimama pale pale. Jioni nililihesabu, halipo."

"Uliliona likijazwa kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya mawili. Nitaapa popote utakapo."

"Na huyu mwanamke alilitoaje? Konstebo wangu wawili wamelivuta wakahema."

Mwidani alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemfahamisha mjinga. Wanawake wa huku, alisema, hubeba mizigo ya kuni mizito kuliko ile, na ua la ghala lina tundu upande wa reli.

Jaffar alimwandikisha maelezo hayo yote, neno kwa neno, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi. Mnyapara alitia sahihi yenye mikia mirefu, mikia ya mtu anayependa jina lake. Inspekta alikuwa na dharau ya siku nyingi kwa watu wa sampuli hiyo, wanaojikunja mbele ya mkubwa na kujitanua mbele ya kila mwenye kuwategemea. Lakini dharau si ushahidi. Gunia lilikuwa limekutwa, na lilikuwa na muhuri wa ghala. Nyamvula alipelekwa kituoni, afikishwe mahakamani Jumatatu.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilimkera Jaffar njia nzima. Alikuwa akimjua yule mwanamke. Yapata mwezi mmoja nyuma alifika kituoni asubuhi, akasimama mbele ya meza yake na kusema kwamba ghalani kuna mahindi yaliyooza, meusi, yaliyokataliwa na bwana afya na kuamriwa yachomwe. Hayakuchomwa. Mnyapara aliwalazimisha wanawake wayachanganye na mazima, na mazima yaliyobaki hayakuonekana yalikokwenda. Jaffar alikuwa na kesi tatu za wizi wa baiskeli siku hiyo. Alimwambia mambo ya chakula ni ya bwana afya, amwendee yeye.

Alimwendea. Bwana afya alikwenda ghalani kweli, akatembezwa na Mwidani kwenye safu ya mbele ya magunia mazuri, akanywa chai, akaenda zake.

Sasa Jaffar alimkuta Nyamvula amekaa sakafuni mwa mahabusu. Alimwonya kwa mujibu wa sheria kwamba lolote atakalosema litaandikwa.

"Mara ile nilisema, hukuandika," Nyamvula alijibu.

Inspekta aliona uso ukimwaka, akafanya kama anatafuta kalamu.

"Nani ametia gunia chumbani mwako?"

"Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Sikumwona mtu, na nikisema ni nani, mtasema nina kinyongo. Gunia lenyewe mmelimwaga?"

"La. Lina muhuri, yatosha."

"Basi limwageni, bwana Inspekta. Mtazame kitakachokuwa chini kabisa. Mkikuta jivu, nifungeni."

"Na tusipokuta jivu?"

"Kamwulize Bi Mishi. Mimi ni mwizi, maneno yangu hayana uzito."

Dishon alitandaza turubai uani mwa kituo, wakakata uzi na kulimwaga gunia. Mahindi yalikuwa mazima, meupe, mahindi ambayo Changamwe nzima ilikuwa imeyasahau. Kwanza ilitoka harufu. Dishon, mtoto wa mwambao, hakuhitaji kuinama.

"Papa, afande," alisema. "Haya yamelala na papa mkavu siku nyingi."

Kisha chini kabisa, zilipobaki punje za mwisho, yakaanguka majani. Yalikuwa majani membamba ya mwarobaini, makavu, ya rangi ya udongo, yanayovunjika ukiyagusa. Jivu halikuwapo hata la kuchafua kidole. Jaffar aliyakusanya ndani ya bahasha, akaifunga na kuiandika kielelezo cha pili. Hakuelewa bado, ila alianza kumkumbuka Mwidani na macho yake mawili.

Ghala lilikuwa karibu na reli, bati tupu na joto. Langoni askari wa ghala aliwapekua wanawake wakiingia na wakitoka, hadi ndani ya mikunjo ya leso. Bi Mishi alikuwa mzee wa wapetaji wote, mwanamke wa mji wa zamani aliyehamia bara baada ya kufiwa. Jaffar alimwamkia shikamoo, naye akamwitikia marahaba bila kuacha kupeta.

"Mahindi mwayatia nini yasiingie dudu?" Jaffar aliuliza.

"Jivu. Twalitoa jikoni hapo tunapochemshia chai. Twatandika chini ya gunia kabla ya kulijaza."

"Majani ya mwarobaini hamtii?"

Ungo ukasimama.

"Twalikuwa twatia, mwanangu. Tangu ghala hili lijengwe, mti ulikuwa pale uani, majani yake twatia magunia, na kivuli chake twalia chakula. Nyamvula aliposema na bwana afya siku ya Alhamisi, Jumatatu yake Mwidani kaleta shoka. Katwambia, mshukuruni mwenzenu mwenye mdomo. Kisha kaamuru langoni, hata jani lisipite. Sasa twala juani, na wako waliomnunia Nyamvula kwa hilo. Wajinga, lakini jua ni kali."

"Jumatatu hiyo ni ya lini?"

"Leo ni wiki ya tatu na siku nne."

"Na Mwidani ayajua haya ya jivu?"

Bi Mishi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgeni kavaa viatu kinyume.

"Ayajulie wapi? Kazi ya wanawake hiyo. Miaka yote hii hajakanyaga penye ungo, asema vumbi litamchafua koti. Yeye hupiga filimbi mlangoni."

Jaffar alitoka hadi uani, akakitazama kisiki kilichobaki katikati ya uwanja mweupe wa jua. Mnyapara alikuwa ametia sahihi kwamba gunia lilijazwa jana mbele ya macho yake. Gunia lenye majani ya mti ambao yeye mwenyewe aliukata wiki tatu nyuma. Ufunguo wa stoo ya magunia yaliyoshonwa ulikuwa mmoja, nao ulining'inia kiunoni mwa mtu mmoja. Inspekta aliona furaha chafu ikimpanda kifuani na hakuizuia.

Palibaki papa. Jaffar aliuliza kituoni nani anamjua shemeji, binamu au rafiki wa Mwidani anayeuza ng'onda na papa, na kabla ya adhuhuri jina lilipatikana. Dishon alivuka kivuko hadi Likoni na hati ya upekuzi. Alirudi alasiri akinuka samaki, amefurahi. Nyuma ya marobota ya papa, dukani kwa shemeji yake mnyapara, yalikuwapo magunia kumi na manne yenye muhuri wa ghala. Mwenye duka alikana kwa muda wa kumaliza sigara moja. Kisha akasema kwamba Mwidani alikuja Alhamisi, akachukua gunia moja, akasema ana mtu wa kumtia adabu.

Jumamosi, karibu na saa sita mchana, Jaffar aliingia ghalani na konstebo wanne na Nyamvula. Malori mawili yalikuwa yamekwisha fika kuchukua mahindi ya maduka ya mgao ya Kisauni na Likoni. Meneja, Mzungu mwenye kaptura iliyopigwa pasi, alitoka akilalamika kwamba polisi wanachelewesha kazi ya vita. Jaffar alimpa heshima yake ya kipolisi na hakumjibu. Alimwita Mwidani uani, mbele ya wanawake wote.

"Soma maelezo yako," alimwambia. "Gunia lilijazwa lini?"

"Alhamisi mchana, bwana mkubwa. Nilikwisha sema."

"Ukiwa umesimama pale pale."

"Pale pale."

Jaffar alimwonyesha jivu kwenye kikopo, akamwuliza ni la nini. Mwidani alisema ni uchafu wa jikoni. Akamfungulia bahasha, akamwuliza haya ni nini. Mwidani alisema ni majani.

"Ya mti gani?"

"Mwarobaini."

"Uko wapi mwarobaini humu ndani?"

Mnyapara aligeuza shingo kuelekea kisiki. Wanawake walielewa kabla yake. Mnong'ono ulipita kutoka ungo hadi ungo. Jaffar alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto mzito wa kuelewa: kila gunia lililojazwa tangu siku ile ya shoka lina jivu chini yake, na kila lenye majani lilijazwa kabla. Kisha akamtajia Likoni, shemeji, na magunia kumi na manne.

"Nyamvula," alisema, "yako wapi yale meusi?"

Hakuonyesha kwa kidole. Alichukua sindano ya kushonea magunia, akaipita safu ya mbele, akaipita ya pili, akalichoma gunia la safu ya nyuma na kulipasua hadi chini. Mahindi yalimwagika meusi, yameshikamana kwa ukungu. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akitazama alifunika pua na kusema kwamba mkewe hununua duka lile la Kisauni. Meneja aliyatazama yale mahindi, akatazama viatu vyake, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Mwidani aliketi chini. Jaffar alimwonya tena, Dishon akashika kalamu.

"Ni mimi," alisema mnyapara. "Magunia niliyatoa mimi na shemeji. Hilo moja nililitia chumbani mwa Nyamvula, mimi na hamali mmoja, alipokwenda kuteka maji."

"Kwa nini usimfukuze kazi tu? Uwezo ulikuwa nao."

"Kufukuzwa kusingemtosha."

"Kwa nini?"

Mwidani aliposema, sauti ilikuwa ya mtu aliyeonewa, na hilo ndilo lililomchefua inspekta kuliko wizi wenyewe.

"Bwana afya alipoondoka siku ile, nilimwambia yule mwanamke, umeona, hakuna kitu. Akachota yale meusi kwa ungo wake, akaniletea mlangoni mbele ya wote. Akaniuliza, mnyapara, haya nikufungie uwapelekee wanao nyumbani? Wakacheka. Wanawake sitini wakanicheka, bwana mkubwa. Kila nikipuliza filimbi nasikia kicheko. Nilitaka aitwe mwizi, nione nani atacheka."

"Na wangekula hayo meusi, wakafa?"

"Hayo sikuyafikiria."

Jaffar aliamini. Watu wa namna ile huwa hawafikirii kitu kikubwa kuliko nafsi zao. Alimtia pingu, akamwondolea filimbi na funguo, akaziorodhesha kwenye vielelezo.

Meneja alimtuma karani kuja kusema kwamba kampuni itatazama kama yule mwanamke anaweza kurudi kazini, maana huenda uwepo wake ukaleta fujo. Jaffar alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliandika pale pale kwamba hakuna gunia litakalotoka ghalani kabla ya kutambuliwa na shahidi mkuu wa polisi, Nyamvula wa Karisa, na kwamba kampuni imlipe kila siku atakayoifanya kazi hiyo. Alimpa karani karatasi. Kisha akamgeukia Nyamvula mwenyewe, akaanza kutafuta maneno kuhusu ile asubuhi ya baiskeli.

"Nilikuja kwako kwanza," Nyamvula alisema.

"Ulikuja. Kosa ni langu."

"Mwingine akija, mwandike."

Akaingia ndani kuanza safu ya nyuma.

Gari la polisi lilichelewa. Jua lilikuwa utosini na uwanja wote ulikuwa mweupe, bati linaunguza na ukuta unaunguza. Mwidani alisimama na pingu zake, jasho likimwingia machoni asiweze kulifuta. Mwishowe alimgeukia inspekta.

"Afande, naomba kivuli kidogo."

Jaffar alizungusha macho uani polepole, upande mmoja hadi wa pili, kama mtu anayetafuta kwa dhati. Kisha akamwonyesha kisiki.

"Kaa hapo," alisema. "Ndipo kilipokuwa."

Mwidani alikaa. Bi Mishi ndiye aliyeanza kucheka, chinichini, ungo bado mkononi. Akafuata wa pembeni yake, kisha wale walionuna wiki tatu, kisha sitini wote. Mnyapara alipeleka mikono yake iliyofungwa kifuani kutafuta filimbi, na filimbi ilikuwa mfukoni mwa Dishon.