Mjomba Alifika Kwenye Makapu ya Mahindi

"Mwambie huyo kijana wako, watu wake wasije kesho."

Mjomba Boga alisema hivyo bila kuniangalia. Alikuwa amekaa barazani, miwani imeshuka puani, kitabu nilichompa kimelala mapajani kifudifudi. Nilikuwa nimeshika sinia la chai na sikujua niliweke wapi.

"Kuna nini, mjomba?"

"Mwenyewe anajua."

Nyumbani kwetu hapa Munje, msichana akiletewa kitu na mwanamume ambaye posa yake haijajibiwa, kitu hicho hupita kwanza kwa mjomba. Hata kikiwa leso, hata kikiwa sabuni. Issa alipoleta kitabu nilikisoma nusu, nikaona aibu kukaa nacho kwa siri, nikampelekea Mjomba. Nilidhani atatazama jalada tu, aseme haya, chukua.

Kitabu chenyewe ni maisha ya Bi Mbodze, mwanamke wa zamani wa pande hizi. Kwenye vitabu vya shule hayumo. Aliyekiandika ni mwalimu mstaafu na nakala ni chache, kwa hivyo watu hukipokezana. Ukimaliza, mpe mwenzako. Issa alikipata kwa Hesbon, mpishi mwenzake katika hoteli moja ya Diani.

Nilikwenda uani kwa Twaiba, binti ya Mjomba, nikamweleza. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Aliacha kukuna, akacheka.

"Esha, wewe nawe. Umempa baba asome habari za mjomba aliyemweka mpwa wake rehani?"

"Ni historia tu."

"Kwa baba hakuna historia tu. Juzi watu wa Issa wamelalamika mahari ni makubwa. Leo kinaingia kitabu, mjomba anampeleka binti kwa watu, anarudi na makapu ya mahindi. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka wa njaa, mjomba wake Mbodze alimshika mkono akamkabidhi kwa tajiri mmoja wa Vanga, akapewa mahindi. Mimi niliposoma nililia. Mjomba aliposoma aliona amepigwa fumbo, tena na kijana wa Bodo anayemenya viazi vya wageni.

Nikamwandikia Issa: "Mjomba amekasirika. Anasema msije."

"Kwa nini?"

"Kitabu."

Akapiga hapo hapo. Nilimweleza yote.

"Wallahi, Esha, mimi sikumtumia mjomba wako kitu. Nilikuletea wewe."

"Najua."

"Wazee wakirudishwa, baba hatakubali kuja tena. Unamjua baba. Ongea na mjomba wako."

"Siwezi. Nikisimama mbele yake maneno yananikauka."

"Basi nije mimi?"

"Ukija ataona umekuja kubishana."

Akasema hawezi kuwaambia wazee kwamba posa imekufa kwa sababu ya kitabu, kwa hivyo watakuja, na litakalokuwa liwe.

Usiku ule chakula kilinishinda. Asubuhi nilijitahidi nikamwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, akashika jembe akaenda zake shambani. Kitabu kilikuwa kwapani.

Baada ya sala ya Ijumaa wageni wakaingia. Mjomba hakuwafukuza, kwani mgeni hafukuzwi mlangoni. Walikalishwa mkekani, wakaulizana hali, wakazungumza mvua na mihogo. Mimi na Twaiba tulikuwa nyuma ya pazia. Baba yake Issa alipotaja jambo lililowaleta, Mjomba alikiweka kitabu katikati.

"Kwanza nifumbulieni fumbo hili."

Wakatazamana. Baba yake Issa alikigeuza kitabu kama samaki asiyemjua jina, akaapa hajapata kukiona. Mjomba akasema basi, fumbo likikosa mwenyewe, posa nayo imekosa jibu. Mzee mmoja akaanza kutafuta viatu vyake.

Twaiba alinifinya. "Toka."

"Nitasema nini?"

"Hata ukipiga chafya. Toka."

Nikatoka. Msichana hajitokezi mbele ya waliokuja kumposa, na nilisikia mtu akisema astaghfirullah. Nikapiga magoti karibu na Mjomba.

"Kitabu nilikileta mimi, mjomba. Issa alinipa nisome. Si fumbo lake."

"Ni la nani?"

Nilitaka kusema si la mtu. Lakini nilikumbuka mwaka ule wa ukame, mifugo ya Mjomba ilipokwisha. Nilitolewa darasa la sita nikapelekwa Ukunda kulea mtoto wa watu, na mshahara alikuja kuuchukua yeye.

"Labda ni langu," nikasema. "Sikujua mpaka sasa."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikoi, akaifuta tena.

"Niliposoma niliona nasemwa mimi," akasema taratibu. "Nikatafuta wa kumlaumu." "Huyo Mbodze, alimsamehe mjomba wake?"

"Sijafika huko. Nasoma polepole. Lakini hakuna aliyemwuliza kama anataka kwenda. Hapo ndipo nilipolia."

Kwa desturi, binti huulizwa ndani na mwanamke, na akinyamaza amekubali. Shangazi yangu, aliyekaa kando ya mlango, alikuwa ameshainuka anipeleke chumbani. Mjomba akamzuia kwa mkono.

"Leo kimya sikitaki. Esha, watu hawa wamekuja kwa ajili yako. Unataka kwenda?"

Yule mzee alibaki na kiatu kimoja mkononi. Macho yote yalikuwa juu yangu.

"Nataka."

"Hawakusikia."

"Namtaka Issa, mjomba. Nataka kwenda."

Twaiba alipiga vigelegele nyuma ya pazia kabla hata Mjomba hajasema lolote. Mjomba akampa mkono baba yake Issa, akasema la mahari watalizungumza tena, kwa kheri. Kisha akanyoosha mkono akachukua kitabu chake, maana sasa kilikuwa chake.

Issa alipopiga simu, wageni walikuwa wameshaondoka na Mjomba yuko barazani, midomo inacheza, anasoma.

"Baba ananiambia umetoka mwenyewe. Ukasema mbele ya wazee?"

"Nimesema."

"Kwamba unanitaka?"

"Mara mbili," nikamwambia.