Blanketi Lililotoka Melini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bhoke alikaa jikoni na mama yake. Mama Agustina alitikisa kibuyu cha maziwa ya mgando mpaka siagi ikajitenga, kisha akaiweka kwenye chungu, akaiyeyusha polepole ikawa samli. Samli nzuri ilipelekwa kuuzwa sokoni Tarime. Ile iliyobaki chini ya chungu alijipaka mikononi na shingoni, halafu akamvuta Bhoke na kumpaka usoni.

"Njoo ung'ae," alimwambia. "Mwalimu asije akadhani umelala kwenye majivu."

Basi Mama alinukia samli na moshi wa kuni siku zote. Bhoke alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata siku moja hakuiwazia harufu ile. Mtu huwazia nini kitu alicho nacho kila siku?

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano, wakati wa kupalilia wimbi, Mama akaanza kuumwa tumbo. Dawa za zahanati hazikufua dafu. Dresa, yule mhudumu aliyetoa dawa na kufunga vidonda, akashauri apelekwe hospitali kubwa Mwanza. Bibi Rhobi, mama yake baba, alibaki nyumbani na Filemoni, mdogo wake Bhoke, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Bhoke alifuatana na wazazi wake ili amuuguze mama. Walipanda lori, wakavuka Mto Mara kwa pantoni, wakafika Musoma na kuingia melini.

Walikwenda watatu, wakarudi wawili. Mama alifariki hospitalini, na hapakuwa na njia ya kuusafirisha mwili wake kutoka mbali kiasi kile. Kwao, mtu huzikwa katika mji wake, yaani boma lake, karibu na zizi la ng'ombe, watoto wake wakapaona mahali alipolala. Agustina, masikini, alizikwa ugenini. Kilichorudi ni blanketi lake tu, la kijivu lenye mistari myekundu. Bhoke alilifungua mara moja hospitalini, akalitia puani. Samli na moshi! Alilikumbatia akalia mpaka sauti ikamkauka.

Melini walikaa daraja la tatu, mahali pa watu na magunia. Baba, Mzee Nyamhanga, alijiinamia pembeni bila kusema na mtu. Bhoke akatandaza blanketi kwenye benchi la mbao, akajilaza.

"We binti, ondoa blanketi lako hapo!"

Aliyesema ni mwanamke mnene aliyejitanda kanga, mfanyabiashara wa vitambaa pale Tarime. Watu walimwita Bi Sabaha. Alikuwa amefunga mizigo yake kwa kamba na kuining'iniza juu, mbali na mbao na kuta.

"Shikamoo, mama," alisema Bhoke akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Hilo benchi usiliamini hata kidogo. Tazama." Bi Sabaha alichomoa pini nguoni, akachokoa nayo ufa wa benchi. Wakatoka wadudu wadogo bapa, wekundu kama mbegu za ulezi. "Kunguni wa meli hao! Hawalipi nauli, lakini hawakosi safari. Mchana wanajificha kwenye nyufa na kwenye mikunjo ya nguo. Ukilala, wanakunyonya damu. Ukishuka, wanashuka na wewe."

"Nifanyeje, mama?"

"Ning'iniza mzigo wako kama mimi. Na ukifika nyumbani, usiingie nao ndani. Uache nje, chemsha nguo zote kwenye maji yanayotokota, blanketi na kila kitu, halafu anika juani. Kuanika peke yake hakutoshi, wana mayai. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Kweli alikuwa amesikia. Lakini asubuhi, meli ilipokaribia Musoma, mkono wa Bhoke ulikuwa umejaa mabaka yaliyojipanga mstari, na katika pindo la blanketi mlikuwa na doa dogo la damu. Akaelewa. Akalikunja haraka, akalibana kwapani. Maji yanayotokota yangeua kunguni, sawa. Yangemwacha Mama? Ile harufu ingebaki wapi? Njia nzima kwenye lori alijiuliza swali hilo, na kila alipojiuliza alizidi kulibana.

Walipofika nyumbani, watu walikuwa wamejaa uani. Vilio vilipaa. Bibi Rhobi alimpokea Bhoke, akataka kumtua mzigo.

"Lete hilo blanketi nilifue, mjukuu wangu, limejaa vumbi la njia."

"Hapana, Bibi! Hili ni la mama. Lisifuliwe."

Bibi alimtazama, machozi yakamlenga. "Haya. Kaa nalo."

Hivyo ndivyo blanketi lilivyoingia ndani bila hata kukung'utwa. Bhoke alilala nalo kwenye kitanda cha Bibi, kitanda cha miti kilichowambwa ngozi ya ng'ombe. Marehemu babu alikitengeneza kwa mikono yake mwaka alipomwoa Bibi. Filemoni alilala katikati yao.

Siku iliyofuata alifika Mama Mdogo Kezia, mdogo wake marehemu. Mumewe alifanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Nyamongo. Alikuja na mkeka wake begani, akalia mpaka watu wakamshika. Alipotulia hakukaa bure. Alikamua ng'ombe, alisaga, alimwogesha Filemoni na kumbeba mgongoni. Filemoni hakutaka tena kushuka.

"Mama," Kezia alimwambia Bibi Rhobi, "mume wangu ameniruhusu. Nitakaa na watoto hawa mpaka huyu mdogo apate nguvu."

"Mungu akubariki," alijibu Bibi. Bhoke alisikia, na kwa mara ya kwanza tangu Mwanza alikula akashiba.

Lakini kunguni nao walikuwa wameshiba. Bibi alianza kujikuna. Waombolezaji waliolala pale walianza kujikuna. Filemoni alilia usingizini. Asubuhi moja Bibi aliinua mkeka wa Kezia ili afagie, akakuta kunguni wawili wanene wanakimbilia ukutani.

Loo! Nyumba ililipuka.

"Tangu nilipoolewa katika mji huu, mdudu huyu sijapata kumwona!" alifoka Bibi mbele ya wageni wote. "Sasa nimejua. Wametoka kwenye vibanda vya wachimba dhahabu!"

"Mama, kwangu hakuna kunguni," alisema Kezia kwa sauti ndogo. "Mimi nimekuja kumlilia dada yangu."

"Wametoka wapi basi? Wameanguka na mvua?" Bibi akageuka. "Bhoke, kule melini uliona mdudu yeyote?"

Watu wote walimtazama Bhoke. Kezia naye alimtazama, amembeba Filemoni. Kusema kulikuwa rahisi. Lakini akili ya Bhoke ililiona pipa la maji yanayotokota, na blanketi likizama.

"Sikuona kitu, Bibi."

Mwanamke mmoja akacheka puani. "Basi ni huyu Mama Kunguni!" Wengine wakacheka. Kezia alimshusha Filemoni, akakunja mkeka wake, akaondoka bila hata kuaga. Filemoni alimkimbilia mpaka langoni, akaanguka, akalia, "Mama Keja! Mama Keja!" Bhoke alimwinua. Moyo ulimuuma vibaya sana, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kezia alikwenda na mkeka wake, kunguni wakabaki. Bibi alifagia, akamwaga majivu, akapaka kuta samadi mbichi, lakini wapi! Waombolezaji waliporudi makwao walikwenda nao, na miji ya jirani ikaanza kulalamika. Filemoni alijikuna mpaka akatoka vidonda, vidonda vikatunga usaha, akashikwa na homa. Alikataa uji. Kila alipofumbua macho aliwatafuta wawili, mmoja aliyekufa na mwingine aliyefukuzwa.

Bibi alimfunga mgongoni, wakaenda zahanati pamoja na Bhoke. Dresa alimwosha mtoto vidonda taratibu, akatikisa kichwa.

"Hizi si alama za mbu, mama. Hawa ni kunguni. Wameingiaje nyumbani kwako?"

"Ni yule dada wa marehemu mkwe wangu," Bibi alianza. "Alitoka kwenye mashimo ya..."

Filemoni alilia kwa uchungu wa dawa. "Mama Keja!"

"Si yeye!" Bhoke alipiga kelele. Wagonjwa waliokaa nje waligeuka. "Si Mama Mdogo, Bibi. Ni mimi! Niliwaona melini. Niliambiwa nichemshe blanketi, sikuchemsha. Ukaniuliza, nikasema uongo."

"Kwa nini, Bhoke?" Bibi aliuliza, na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Lina harufu ya mama. Kaburi lake liko mbali. Nikilichemsha, sitabaki na kitu."

Bibi Rhobi hakumpiga, hakumfokea. Alivuta pembe ya kanga, akajifuta macho, na Bhoke aliona afadhali angepigwa.

Dresa alijikohoza. "Mtoto atapona, ila mkaisafishe nyumba leo. Msidhani ni uchafu wenu, kunguni huingia hata kwa mtu safi. Chemsheni nguo zote. Zibeni nyufa za kuta kwa udongo. Kitanda mkimwagie maji ya moto kwenye kila kiungo. Kikishindikana, kichomeni."

Kitanda kilishindikana. Ngozi ilikuwa imeshonwa kwa kamba nene, na kunguni walikuwa wametaga chini ya kila fundo. Baba alikibeba mpaka nje ya zizi, akakitia moto. Bibi alisimama akiitazama kazi ya mikono ya marehemu mumewe ikiteketea.

Pipa la maji lilipotokota, Baba alinyoosha mkono alichukue blanketi.

"Niache nilitie mwenyewe, Baba," alisema Bhoke.

Alilitia puani mara ya mwisho. Kisha akalizamisha, akalikandamiza kwa mti. Lilipokauka juani alilinusa tena. Lilinukia jua na sabuni. Alilinusa katikati, akalinusa kwenye pindo, akalinusa huku na huku. Mama hakuwamo tena. Bhoke alikaa chini akalia kilio ambacho hata Mwanza hakukilia.

Filemoni alipopata nafuu, Bibi Rhobi alijaza kibuyu maziwa, akakifunga kwa majani mabichi.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Tunakwenda Nyamongo, mimi na wewe."

"Lakini Baba alisema atatuma mtu. Mzee hamwombi radhi mtoto."

"Nani kakudanganya? Nilimtukana kwa mdomo wangu, nitamwomba kwa mdomo wangu."

Walimkuta Kezia anatwanga nje ya kibanda chake. Kibanda kilikuwa kimefagiwa, kuta zimepakwa udongo vizuri, hakuna hata ufa. Bibi alikiangalia akainamisha kichwa. Kezia aliweka mchi chini.

"Shikamoo, mama," alisema. Hakutabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta maziwa. Nilikukosea mbele za watu, nawe ulikuwa kwenye msiba wako."

Bhoke alitaka kusema yale aliyoyapanga njia nzima, lakini yalimpotea yote. "Mama Mdogo, nilijua. Nilijua kabla hujafika. Nikakuacha utukanwe."

Kezia alimtazama. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Uliponiangalia siku ile," alisema, "niliona kuna jambo. Nikasubiri useme. Nilisubiri mpaka nikafika langoni, Bhoke."

"Nisamehe."

Kezia akafungua mikono. Bhoke alijitupa kifuani pake akaficha uso, na pale shingoni akakutana nayo: samli na moshi wa kuni. Alishtuka akainua kichwa.

"Vipi?"

"Unanukia mama."

"Si tulifundishwa na mama mmoja kupika samli?" Kezia alisema, akalia kwa sauti. "Unafikiri dada yangu alijifunzia wapi kujipaka ya chini ya chungu?"

Hapo ndipo Bhoke alipoelewa alichokuwa amekifanya. Siku zote Kezia alipokuwa kwao, yeye pua yake haikutoka kwenye blanketi. Kwa kuitetea harufu iliyokuwa kwenye blanketi, alikuwa ameifukuza ile iliyokuja kwa miguu yake yenyewe.

Kezia alirudi nao. Njiani Bibi Rhobi alikwenda polepole, ameshika mkono wa mjukuu wake.

"Sikiliza," alisema. "Kumpenda mama yako si kosa. Kosa ni kunyamaza. Kunguni ukimchemsha siku ya kwanza, anakufa na mayai yake. Uongo nao ni hivyohivyo, mjukuu wangu. Ukiuacha ulale ndani, unataga. Ukija kushtuka umeshaingia kwenye miji ya watu, na huko huwezi kuufuata na sufuria."

Maneno ya Bibi yalikuwa kweli. Nyumba ilisafishika, vidonda vya Filemoni vilikauka, na Kezia alimfunika kwa lile blanketi kila jioni. Lakini lile jina halikufa. Kila Kezia aliposhuka mtoni kuteka maji, hapakukosa mtu wa kunong'ona, "Mama Kunguni huyo anakuja."

Bhoke alianza kufuatana naye mtoni kila siku. Na kila alipousikia mnong'ono ule, alitua mtungi wake chini, akasimama mbele ya wanawake wote.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi niliyewaleta."