Msalaba Ndani ya Kola

Daktari aliandika kwamba shangazi yangu alikufa kwa presha. Akitokea mtu wa kuwaambia hivyo, mleteni kwangu. Mimi nilikuwepo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Tulifanya kazi karakana moja ya kushona mashati. Yeye alikuwa fundi cherehani, mimi mkata vitambaa. Kila fundi aliweka alama yake ya uzi ndani ya kola, ili shati likirudi na kasoro ajulikane aliyelishona. Mmoja aliweka nukta mbili, mwingine mstari. Shangazi aliweka msalaba mdogo mwekundu. Tulimtania kwamba anabatiza mpaka mashati.

"Afadhali shati liokoke kuliko wewe," alinijibu, na karakana nzima ikacheka.

Jumatatu moja bosi alikuja na mwanasesere wa matambara, hana uso. Akamweka kwenye kabati la nyuzi. Mganga wake alitaka kila fundi ajichome sindano, ampake tone la damu na kusema, "Mimi ni wako." Tulipanga foleni. Mimi pia nilipanga. Nina watoto, nilijiambia.

Shangazi alichomeka sindano yake kwenye kimto.

"Bosi, kazi nitakufanyia mpaka macho yafe. Lakini mimi nina mwenyewe tayari."

Akanyang'anywa cherehani na kupelekwa chumba cha pasi, chenye mvuke na bila dirisha. Watu aliowafundisha kushona wakaacha kumsalimia. Yeye akaendelea kuimba tenzi zake. Ijumaa, saa saba mchana, bosi alimsukuma ndani, akafungulia mvuke wote, akanitupia ufunguo.

"Funga. Akisema lile neno, fungua."

Nilifunga.

Alipoacha kuimba, nilisogeza mdomo kwenye tundu la kitasa. "Shangazi, sema tu. Kwa midomo tu."

"Siwezi, mwanangu."

"Utakufa."

"Wewe nimekusamehe. Na yeye usimguse. Kisasi si chetu."

Tulipofungua alikuwa amepiga magoti. Mikono yake ilikuwa imeiva.

Wiki iliyofuata ile misalaba ilianza kuonekana. Kila shati, la kila fundi, lilikuwa na msalaba mwekundu ndani ya kola. Tuliifumua, ikarudi. Cherehani ya shangazi ilikuwa haina hata uzi, lakini pedali yake ilikuwa na joto. Mwanasesere alitoweka kabatini. Bosi alitutukana, akamtafuta kila kona, na Ijumaa, saa saba mchana, akaingia kumtafuta chumba cha pasi.

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Wenzangu walikuwa nje wakila. Nilikuwa peke yangu mezani, mkasi mkononi. Mvuke ukaanza kulia. Kisha mlango ukagongwa. Ukagongwa tena, kwa ngumi mbili.

Hakuita. Hilo ndilo lililonishangaza. Mtu yuleyule wa kufoka kutwa nzima, hakutoa hata neno moja.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilikumbuka maneno ya shangazi, yote, mpaka la mwisho. Nikachukua kitambaa kingine, nikakata. Nilikata makola arobaini, na sijawahi kukata yakanyooka vile. Siwezi kuwadanganya, nilifurahi. Nilisema moyoni, na wewe sema lile neno tufungue.

Kugonga kukakoma.

Wenzangu waliporudi, nikafungua. Alikuwa amepiga magoti, mwanasesere kifuani. Midomo yake ilikuwa imeshonwa. Misalaba midogo myekundu, mmoja baada ya mwingine, kutoka pembe hadi pembe. Mshono safi, hauna hata kasoro.

Daktari aliandika presha.

Jioni ile nilivua shati langu. Ndani ya kola palikuwa na uzi mwekundu. Haukuwa msalaba kamili. Ni mshono mmoja tu, umelala, unangoja wa pili wa kuukata. Uzi haujafungwa fundo, na mwishoni mwake inaning'inia sindano.

Nimeshabadilisha mashati saba tangu siku hiyo. Katika kila moja ninaukuta mshono uleule, na kila asubuhi umesogea kidogo kuelekea mbele, upande wa mdomo.

Nimeomba msamaha mpaka sauti imekauka. Leo nimeigusa ile sindano. Ina moto, kama imetoka kwenye mvuke sasa hivi.