Aliyelala Hemani

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, fundi cherehani, na alinisimulia kwa kinywa chake. Yeye na shemeji, dereva wa lori, wakipata likizo hubeba mabegi mgongoni na kupanda milima. Ugomvi wao ni malazi tu. Dada hulala kwenye bembea ya turubai anayoifunga kati ya miti miwili. Shemeji hulala hemani.

"Nani kakwambia binadamu ananing'inia kama popo?" shemeji humtania.

"Bora popo kuliko wewe unayelala na siafu."

Safari hiyo walifika msituni wamechoka. Wakala, kila mmoja akashika malazi yake jua halijazama vizuri.

Kulipopambazuka, dada akaamka. Ukungu ulikuwa mzito. Akasikia sauti ya mumewe ndani ya hema, ya upole, yenye usingizi.

"Sogea basi. Unanibana."

Dada akatega sikio. Wivu ndio ulimpanda kwanza, alikiri mwenyewe. Njia nzima hawakupishana na mtu, sasa nani huyo? Shemeji akacheka kidogo. Kisha akasema, "Mbona miguu yako ya baridi hivi, mke wangu?"

Mke wangu. Naye yuko kwenye bembea.

Akanong'ona, "Baba watoto."



Zipu ikafunguka polepole. Shemeji akatoa kichwa. Akamwona. Akageuka, akatazama ndani. Akamtazama tena.

"Umetoka saa ngapi?"

"Sijaingia."

Hema lina mlango mmoja. Ndani hamkuwa na mtu.

Walirudi nyumbani siku hiyohiyo. Tangu hapo kila mmoja anamchunguza mwenzake. Siku moja shemeji alinivuta jikoni, akaninong'oneza, "Kovu la dada yako, tangu zamani liko goti la kulia?" Nikamwambia ndiyo. Hakutulia. Dada naye huniuliza mumewe alimweleza nini huyo aliyelala naye hadi alfajiri.

Hema waliliosha, wakalianika. Jua kali lililikausha lote isipokuwa sakafuni, kando ya pale alipolala shemeji. Pale palibaki umbo la mtu limelowa: mabega, kiuno, visigino. Wakalikunja, wakalifungia stoo.

Wiki iliyopita tulilifungua. Umbo bado limelowa. Ila halipo tena pale lilipokuwa. Liko mlangoni, na vidole vimefika kwenye zipu.